Kikao cha Kumrudisha Mama

Shangazi ndiye aliyeleta habari. Alimkuta kaka yake karakanani, amejikunja nyuma ya friji la muuza nyama, tochi mdomoni, akitafuta mahali gesi ilipokuwa inavujia. Karakana hiyo ilikuwa sebule ya nyumba kabla mafriji ya watu hayajaifukuza familia kwenda kukaa jikoni. Shangazi alikuwa ametoka hospitali mbio. Angeweza kusema "amekufa", lakini watu waliolelewa vizuri hawalitamki neno hilo, hasa kwa mtu mwenye tochi mdomoni. Akasema:

"Kaka, mkeo ametuacha."

Fundi akaitoa tochi mdomoni, akaizima.

"Alisema," akajibu. "Asubuhi alisema."

Na ni kweli alisema. Asubuhi ile waligombana juu ya friji la milango miwili ambalo Fundi alilihamishia chumbani kwao kwa kuwa karakana ilikuwa imejaa. Mke wake, mshonaji katika kiwanda cha sare za shule, alilipiga teke gizani kwa bahati mbaya, akachuchumaa akishika kidole cha mguu, akavaa viatu, na alipofika mlangoni akatoa kauli ambayo hata jirani aliisikia: "Iko siku nitakuacha na mafriji yako, ulale nayo!" Kisha akaenda kazini. Kabla ya mapumziko ya mchana mshipa ulimpasuka kichwani akiwa ameketi kwenye cherehani. Daktari alieleza kwamba hata angefikishwa hospitali mapema zaidi, matokeo yangekuwa yale yale.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Fundi alichukua kauli ya asubuhi na kauli ya dada yake, akaziunganisha, na kiungo kikashika.

"Amebeba sanduku?" akauliza.

"Sanduku gani, kaka?"

"La nguo. Au ameondoka hivi hivi?"

Shangazi akaangua kilio. Alidhani uchungu umemfanya kaka yake aongee kwa mafumbo.

Mazikoni Fundi hakwenda. "Mtu umeachwa," alimwambia dada yake, "halafu ujipeleke kwenye shughuli ya ukoo wa mke, ukafanye nini? Ukachekwe?" Watu wakasema ni mshtuko, kila mtu ana namna yake ya kufiwa. Wakati wenzake wako makaburini, alimaliza lile friji la muuza nyama, na likagandisha vizuri sana.

Kilichofuata kinaweza kuonekana kigumu kuamini, lakini kilisababishwa na lugha tu. Wageni walikuja kutoa pole na hakuna hata mmoja aliyegundua kitu.

"Pole sana, Fundi. Ametuacha mapema."

"Mapema mno. Hata chai hakumaliza."

"Ndiyo dunia ilivyo."

"Dunia ina kosa gani? Kosa ni lake."

Hapo mgeni alitikisa kichwa kwa huzuni, akanywa soda yake, akaaga.

Wa kwanza kugutuka alikuwa muuza nyama, alipokuja kuchukua friji lake. Fundi alimvuta pembeni.

"Wewe ni mtu mzima, niambie ukweli. Unadhani huko aliko ana mwanamume mwingine?"

Muuza nyama alijiona ameulizwa swali la dini, akalifikiria kwa makini.

"Sidhani," akasema. "Nijuavyo mimi, huko hawaoani."

"Huko wapi?"

"Huko."

"Kumbe unapajua!" Fundi akamshika shati. "Mtaa wote mnajua alipo mke wangu, ni mimi tu nisiyejua!"

Waliamuliwa na wateja. Jioni hiyo mtaa mzima ulipata habari kwamba Fundi hajafiwa, ameachwa, na kwamba habari hiyo chanzo chake ni yeye mwenyewe.

Fundi na mkewe walikuwa na mtoto mmoja tu, msichana wa miaka kumi na sita. Mama yake alimpa jina la Chiriku kwa kuwa alianza kuongea kabla ya kutembea na hakuwahi kupumzika. Chiriku alikuwa amekwenda mazikoni. Alijua alichokiona.

"Baba, mama alikufa," alimwambia.

"Nani kakwambia?"

"Nilikuwepo anazikwa."

"Uliona nini hasa?"

"Jeneza likishushwa."

"Jeneza." Fundi aliweka bisibisi chini. "Mwanangu, mimi kazi yangu ni kufungua vitu. Kitu ambacho sijakifungua nikaona ndani, sikisemei."

"Si ungekuja uone!"

"Kwa wakwe ambao mtoto wao kaniacha? Hayo maneno ya kufa ni ya upande wa mama yako. Wanaona aibu."

Wangegombana hivyo na kuacha, Chiriku angeweza kuvumilia. Lakini baba yake hakuacha. Alikunja nguo za mama zote, akazipanga kwenye sanduku, akaliweka karibu na mlango ili atakayetumwa kuzichukua asisumbuke. Akawa anaitazama simu. "Mwanamke gani huyu? Hata salamu? Hata kuuliza mtoto amekula?" Na hapo ndipo palipomuuma Chiriku. Mama aliyekufa hana kosa lolote kwa kutopiga simu. Mama aliye hai asiyepiga simu ana kosa, na kesho yake ana makosa mawili. Kila siku ambayo baba yake alimwacha hai, mama alizidi kuwa mtu mbaya.

Majirani nao walisaidia. Mwanamke mwenye kibanda cha kuuza vocha alimsimamisha Chiriku akitoka shule.

"Nimemwona mama yako stendi. Kanenepa!"

"Mama yangu amekufa."

"Ndivyo mnavyosema. Mimi nimemwona. Ana mwavuli wa njano."

Chiriku alijua ni uongo. Hata hivyo akauliza, "Alikuwa anaelekea wapi?" Swali hilo lilimkera kuliko uongo wenyewe, na alitembea mpaka nyumbani akijitukana.

Shuleni alikuwa na mpenzi, mvulana wa darasa lake ambaye wote walimwita Miwani. Miwani alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa umemchosha. Alimngoja Chiriku kwenye mabomba ya maji, akayumba mguu huu na mguu ule.

"Si kwamba sikupendi," akaanza. "Ila nikiwa na wewe nashindwa hata kucheka. Nikicheka naona nimekosa. Nisipocheka nanuna, na mimi sina cha kununia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo naona tupumzike."

"Tupumzike au tuachane?"

"Si kitu kimoja tu?"

"Si kitu kimoja. Mama yangu amepumzika. Wewe unataka nini? Chagua neno."

Miwani alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Tuachane," akasema.

"Asante," akasema Chiriku, na kwa kweli alishukuru. Katika wiki zote hizo Miwani alikuwa mtu wa kwanza kutumia neno kwa maana yake.

Nyumbani baba yake alikuwa anakaanga mayai. Alimtazama bintiye usoni mara moja tu.

"Umeachwa?"

"Nimeachwa."

"Karibu," akasema Fundi, akavunja mayai mengine mawili.

Walikula jikoni, magoti yakigusana, kwa sababu nafasi iliyobaki ilichukuliwa na friji dogo la mwalimu fulani. Fundi alikuwa na ushauri mwingi. Alikuwa ameshaifikiria hali hiyo kwa muda.

"Usimpigie. Usipite kwao kwa kisingizio cha kwenda dukani."

"Duka liko upande wa pili, baba."

"Ndiyo maana nakwambia. Na uoge. Mtu akiachwa akaacha na kuoga, anampa mwenzake sababu."

"Wewe umeoga lini?"

"Mimi ni mfano wa kuepuka," akasema Fundi, na Chiriku akacheka mpaka yai likampalia. Baba yake akampiga mgongoni, naye akicheka. Hawakuwa wamecheka tangu msiba. Kwa muda mfupi Chiriku aliona kwamba angeweza kuishi hivyo: watu wawili walioachwa, mezani kwao, kila mmoja akimlaumu wa kwake. Lilikuwa jambo rahisi kabisa, lingehitaji kutikisa kichwa tu.

"Unajua," akasema Fundi akipangusa sufuria kwa mkate, "mama yako na huyo Miwani ni watu wa namna moja. Mambo yakiwa magumu, mguu mmoja uko nje."

Chiriku akaweka kijiko chini.

Kesho yake alimpigia simu mjomba wake, kaka mkubwa wa mama, karani mstaafu wa mahakama.

"Mjomba, nataka mama yangu awe amekufa."

"Mwanangu, mama yako amekufa."

"Kwako amekufa. Kwetu bado."

Mjomba alijibu kwamba na yeye alikuwa anataka kumpigia, maana Fundi ametuma ujumbe akitaka upande wa mke uitwe kwenye kikao cha usuluhishi. Bibi, mama mzaa mama, alikuwa ameapa kwamba hatakanyaga nyumba ya kichaa.

"Mlete, mjomba," akasema Chiriku. "Mje mumwambie wote kwa pamoja. Akiambiwa na wote atakubali."

"Kwa utaratibu," akasema mjomba. "Hata mtu aliyechanganyikiwa ana haki ya kusikilizwa. Akishasikilizwa ndipo anaambiwa ukweli."

Walikutana Jumamosi asubuhi karakanani. Mjomba alikalia kreti la soda, amevaa tai. Shangazi alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Bibi, mama wa marehemu, alipewa kiti cha pekee, na kiti hicho kilikuwa kati ya majokofu mawili yaliyokuwa yanafanyiwa majaribio, hivyo kila wakati alijikusanyia kanga mabegani kwa baridi. Chiriku alisimama.

"Kikao kimefunguliwa," akasema mjomba. "Mlalamikaji yupo. Mlalamikiwa?"

"Hayupo," akasema Fundi. "Ndiyo maana nalalamika."

"Amepewa taarifa?"

"Mwulize mama yake."

"Mimi?" Bibi akainuka nusu. "Mimi nimemzika mwanangu, wewe ukiwa umeshika bisibisi!"

"Mama, hilo ni suala la ushahidi," akasema mjomba. "Tutalifikia."

"Nitakufikia wewe kwanza! Nilikuzaa uje unisomee sheria?"

"Mlalamikaji ataje madai yake," akasema mjomba, akirekebisha tai.

Fundi alisimama. Alikuwa ameoga, na alikuwa amevaa shati alilooa nalo.

"Nina dai moja. Arudi. Asipotaka kurudi, aseme sababu. Mimi si mtu mbaya. Sijampiga, sijamtukana, sijalala nje. Mtu hawezi kuachwa bila sababu."

"Sababu unaijua!" akasema bibi. "Ulimlaza mwanangu na friji!"

"Mama mkwe, lilikuwa la muda tu."

"Kila kitu chako cha muda! Mlipooana ulimpa feni bovu, ukasema utalitengeneza kesho."

"Nilitengeneza."

"Lilikuwa linapuliza upande mmoja tu wa chumba!"

"Na wifi naye alikuwa na ulimi," akadakia shangazi, ambaye hakupenda kaka yake ashambuliwe peke yake. "Tuseme ukweli. Alikuwa akianza, hata redio inanyamaza."

"Ulimi aliupata kwako ulipokuja kukaa hapa miezi mitatu, ukaondoka na masufuria yake!"

"Nilikuja kusaidia!"

"Kula ndiyo kusaidia?"

Mjomba alipiga kreti kwa kiganja. Hakuna aliyemsikia. Kikao kilikuwa kimewaka moto, na Chiriku, ambaye alikuwa akingoja zamu ya ukweli ifike, aliona kitu kilichomtia hofu. Wote walikuwa wamechangamka. Bibi, aliyerudi kutoka makaburini akiwa hawezi kuvua viatu vyake mwenyewe, mashavu yake yalikuwa yamepata rangi. Mtu aliyefiwa hana wa kumfokea. Sasa alikuwa naye.

"Nilimwambia siku nyingi aondoke!" alikuwa anasema bibi. "Na akirudi, hapa haji, anakuja kwangu!"

"Anakuja kwako kwa lipi? Ana nyumba yake!"

"Nyumba au ghala?"

"Tusikilizane," akasema mjomba, na kwa mara ya kwanza wakasikilizana. "Naona tunakaribiana. Fundi, friji litatoka chumbani?"

"Leo hii."

"Na sebule?" akauliza bibi. "Apate pa kukaa na wageni wake kama binadamu."

"Nitakodi kibanda. Karakana itahama."

"Wifi na ulimi wake tumsamehe?" akauliza mjomba.

"Nimesamehe," akasema shangazi akifuta macho. "Na masufuria niliyabeba kwa bahati mbaya. Nitayarudisha."

"Basi," akasema mjomba, na ilikuwa dhahiri kwamba hajafurahi hivyo tangu astaafu. "Pande zote zimeridhika. Mke arudi kwa masharti hayo. Kilichobaki ni mtu wa kwenda kumchukua."

Wakatazamana. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakamgeukia Chiriku.

"Mtoto," akasema bibi.

"Ndiyo, mtoto," akasema Fundi. "Mimi nikienda ataninunia. Mtoto hawezi kumkatalia."

Chiriku alimtazama mjomba wake. Mjomba alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Chiriku alikuwa ameleta mashahidi watatu wa kifo, na baba yake alikuwa amewachukua wote.

"Kwa nini asinikatalie?" akauliza.

"Kwa sababu ni wewe," akasema baba yake.

"Si ameshaniacha?"

"Wewe?" Fundi akacheka kidogo. "Wewe hajakuacha. Ameniacha mimi. Mimi nina makosa yangu, tumeyasikia hapa. Wewe utaachwaje na yule? Ulipokuwa na surua alikulaza kifuani mpaka naye akaugua, mtu mzima na surua! Mwaka huu tu ulipokwenda safari ya shule alipiga simu kwa mwalimu mpaka mwalimu akazima simu."

"Kwa hiyo mimi hawezi kuniacha."

"Hata umfukuze."

"Basi mbona hajanipigia?"

Fundi akatoa simu yake mfukoni, akaitazama.

"Wewe hakupigii kwa sababu amekasirika," akasema Chiriku. "Sawa. Mimi je? Simu yangu iko wazi. Shule anaijua. Tangu siku ile nalala nikilia, nimeumwa, nimeachwa na Miwani. Yuko wapi?"

"Labda simu imepotea."

"Angeazima."

"Labda anaumwa."

"Angetuma mtu."

"Shangazi yako alisema..." Fundi akamgeukia dada yake. "Ulisema ameniacha."

"Nilisema ametuacha," akasema shangazi kwa sauti ndogo. "Sote, kaka. Na mtoto akiwemo."

Fundi alibaki amesimama katikati ya karakana. Wote waliomfahamu walijua namna hiyo ya kusimama: alisimama hivyo mbele ya mashine iliyomshinda, akipitia sehemu moja moja kichwani, akiondoa ile ambayo haiwezi kuwa na kosa. Hakuna aliyemharakisha. Bibi alikuwa ameacha kujifunika kanga.

"Yule hawezi kumwacha mtoto," akasema hatimaye, akijisemea mwenyewe. "Hilo haliwezekani. Kwa hiyo hakuondoka."

"Hakuondoka," akasema Chiriku.

"Basi alikufa."

"Ndiyo, baba."

Bibi akaanza kulia, bila maneno safari hii. Mjomba aliinuka kwenye kreti, akakaa tena, akauliza kama kikao kifungwe au kiahirishwe.

"Ngoja," akasema Fundi. Alikuwa bado hajamaliza. "Kama alikufa, basi na mimi hakuniacha."

"Hakukuacha."

"Alikuwa anarudi?"

"Alikuwa anarudi jioni, kama siku zote."

"Na ile hasira?"

"Angerudi nayo. Angekugombeza mpaka ulale."

Fundi akatikisa kichwa taratibu. Akatafuta mahali pa kukaa, na kwa kuwa viti vilikuwa vimekwisha, akakaa sakafuni, na shati lake la harusi, mgongo kwenye ukuta. Chiriku alikaa karibu yake. Alikuwa amepata alichokitaka. Mama yake alikuwa amekufa, hana kosa kwa mtu, na hapakuwa na cha kutetea tena. Hakuwa ametarajia kwamba baada ya hapo angebaki mikono mitupu namna hiyo.

"Ulimwona?" akauliza baba yake. "Hospitali, kabla ya jeneza?"

"Nilimwona. Walinitoa shule wakanipeleka, ila nilishindwa kukwambia."

"Alikuwaje?"

"Kama mtu aliyekatizwa akiongea. Kwenye kidole alikuwa na kile kikofia chake cha kushonea, walisahau kumvua."

"Ukakitoa?"

"Nilijaribu. Kilikuwa kimebana. Nikakiacha."

"Ulimgusa, basi."

"Nilimshika mkono."

"Ulikuwa bado na joto?"

"Kidogo," akasema Chiriku. "Kwenye kiganja." Na hapo ndipo sauti yake, ambayo haikuwahi kumkatalia tangu utotoni, ilipokatika, na ikabidi baba yake ndiye aendelee kuongea.